Ushindi wa Bwerere

Kitengela,
Jumapili, 2 Februari 2025

Nzembi wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Kocha Obura amekusanya simu zetu zote akazifungia kwa kabati ya ofisi yake mpaka ligi ya vyuo iishe. Anasema siku hizi tunacheza voliboli na vidole vilivyochoka kuandika meseji. Tunapewa Jumapili jioni tusalimie wazazi, halafu zinarudi ndani. Kwa hivyo nimemwomba Kuntai, yule wa kuleta maziwa hapa jikoni kutoka huko kwenu Kajiado, awe posta yetu. Amekubali. Anakusalimia sana, anasema bado anakumbuka siku ulimgonga na mpira kichwani.

Sasa nikuambie maisha. Niko na kitanda changu pekee yangu, na dirisha linaangalia greenhouse za maua. Asubuhi ni mayai. Jioni ni nyama, na si ile ya kutafuta kwa mchuzi kama umeangusha sindano. Kuna mama wa kukanda misuli, kazi yake ni hiyo tu. Viatu nimepewa pea mbili. Karo chuo kimelipa, na mwisho wa mwezi marupurupu yanaingia kama ya mtu aliyeandikwa kazi. Nilimnunulia baba miwani. Mzee Hiram alivaa akasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, akasema kumbe watu wengi hivi wamekufa na yeye hakuwa na habari.

Lakini nimekukosa uwanjani. Seta wetu hapa ni mzuri, sikatai, ila ananipea mpira kama mtu anatoa sadaka, polepole na huku akiangalia nani anamwona. Wewe ulikuwa unauweka mahali mkono wangu tayari umefika. Tangu sekondari mpaka hapo chuo cha ufundi sikuwahi kujua kwamba hiyo ni kazi ngumu.

Mechi yetu na nyinyi ni Machi, hapa kwetu. Njoo nikuonyeshe bafu ya maji moto.

Mpigaji wako wa kushoto,
Ciku


Kajiado,
9 Februari 2025

Ciku,

Kuntai alinikuta karakana, niko chini ya meza naunganisha nyaya. Barua yako niliwasomea wasichana kwa sauti. Nilipofika kwa mayai wakanisimamisha, wakasema nirudie hapo.

Sisi tuko salama. Tangu uende tumebaki saba. Mwalimu Lemein anafundisha mabomba mchana, jioni anatufundisha sisi, na kwa hiyo ya jioni chuo hakimlipi kitu. Baada ya mazoezi tunakunywa chai na mkate, na mkate ananunua yeye. Neti tumeishona na kamba ya gunia pale katikati, sasa mpira ukigonga hapo unarudi na hasira. Upepo wa Kajiado unaujua. Wa saba ni msichana mpya wa mwaka wa kwanza, Kathini, mfupi lakini hataki mpira uguse chini, anaufuata mpaka kwa ua wa miiba.

Nimefurahi kwa sababu ya miwani ya baba yako. Kweli.

Kuhusu Machi, sidhani tutakuja. Sikutaka kukuambia, lakini utaona tu kwa ratiba. Kila timu inajisafirisha yenyewe, na chuo chetu hakina basi. Mechi mbili za ugenini tayari tumekosa, wenzetu wakapewa ushindi wa bwerere bila hata kuvaa jezi. Sheria ya ligi inasema ukikosa ya tatu, unafutwa. Ya tatu ni hiyo ya kwenu. Mwalimu alienda kwa mkuu wa chuo, mkuu akamwonyesha paa la bweni linavuja, akamwuliza, "Lemein, wewe ungetengeneza gani kwanza?" Mwalimu akarudi. Yeye ni fundi wa mabomba, hawezi kubishana na paa linalovuja.

Usihuzunike. Nikimaliza huu mwaka nitakuwa na cheti changu cha umeme, na watu wa umeme hawakosi kazi.

Nzembi


Kitengela,
16 Februari 2025

Nzembi,

Nilisoma barua yako nikashindwa kumaliza chakula, na ilikuwa nyama.

Nilienda moja kwa moja kwa Kocha Obura. Nikamwambia Kajiado hawatafika, na si kwamba hawataki. Akasema, "Basi tumeshinda. Shida iko wapi?"

"Kocha, hiyo si kushinda."

"Ciku, pointi haziandikwi zilitoka wapi."

Nikamwuliza, kama wao hawawezi kuja, mbona sisi tusiende? Sisi tuko na basi, na Kajiado si Mombasa. Akanicheka. Akasema nani amewahi kuona timu inakimbia pointi za bure.

Nikarudi kwa wenzangu. Jioni tulikaa kwa ngazi za hosteli tukazungumza, wengine wakinitukana. Sitaficha, walinitukana vizuri. Mwishowe kapteni wetu Evalyne akasema, "Tangu mwaka uanze tumepata ushindi mara nne na tumecheza mara moja. Mimi nalipwa kucheza, silipwi kungoja." Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Yeye mwenyewe ndiye aliinua wa mwisho, na sikumlaumu. Kuna mambo yetu ya ndani hapo ambayo hayakuhusu.

Evalyne alimpelekea kocha hayo maneno. Kocha akakasirika, akazunguka uwanja peke yake mara nyingi, akarudi akasema sawa. Nadhani hata yeye anaogopa tufike fainali miguu imelala. Chuo chetu kitamwandikia mkuu wenu rasmi: mechi ihamie Kajiado.

Fagieni uwanja.

Ciku


Kajiado,
27 Februari 2025

Ciku,

Barua ya chuo chenu imefika. Mkuu ameisoma mbele ya wanafunzi wote kama barua ya Rais. Sasa geti linapakwa rangi. Paa la bweni bado linavuja, lakini geti litang'aa.

Wanafunzi wa uashi wamesawazisha uwanja na wamechora mistari kwa chokaa. Mwalimu ameomba mechi iwekwe siku ya soko la mifugo, kwa sababu siku hiyo Kajiado ina watu. Yeye ana furaha. Kathini halali usiku. Mimi sijui niko na nini.

Nikuulize kama rafiki, na usinijibu kwa mzaha. Mnakuja kucheza, ama mnakuja kupigwa picha na maskini? Kwa sababu jana msichana mmoja hapa alisema, "Watatupatia na jezi zao za zamani wakienda," na wote wakacheka, na mimi sikucheka. Timu yenu inapata pointi tukifika na inapata pointi tusipofika. Mtu ambaye hapotezi chochote akija kukutembelea, unashindwa kujua amekuja kwa nini.

Kama ni huruma, heri mtufute.

Nzembi


Kitengela,
3 Machi 2025

Nzembi,

Barua yako imenichoma na sitakujibu yote, kwa sababu nikianza nitasema kitu ambacho sikutaka kusema.

Hakuna wa kukuonea huruma. Nakuja kukupiga. Mimi najua wewe huwa unaangalia kulia kabla ya kuweka mpira kushoto, na nimewaambia wote. Hiyo ndiyo huruma yangu.

Ciku


Kajiado,
16 Machi 2025

Ciku,

Nimechukua siku nyingi kukuandikia kwa sababu kila nikianza, mtu anapita hapa karakana ananiita "seti ya tano!" na naanza kucheka tena.

Wewe ulikuwa ndani ya uwanja, kwa hivyo nitakuambia yale hukuona. Hukuona wazee wa soko wakija mmoja mmoja na fimbo zao, kwanza kwa mbali, halafu mpaka kwa mstari, mpaka refa akawaomba warudishe vidole vya miguu nyuma. Walikuwa hawajui sheria. Mlipochukua seti mbili za kwanza wakadhani imeisha, wengine wakarudi kwa ng'ombe wao. Upepo ulipoanza kupiga na sisi tukachukua ya tatu, mtu alipiga mbio mpaka soko kuwaita. Kuna mzee aliuza fahali kwa bei ya chini ili tu arudi haraka. Sasa analaumu timu.

Na hukumwona mama yangu. Alitoka Illasit alfajiri, kwa shamba la nyanya la watu, na ile leso yake ya kazi. Hajawahi kuniona nikicheza hata siku moja. Alisimama nyuma ya wale wazee. Nilimwona kwa seti ya tano, wakati wewe uliruka kupiga ule mpira wa mwisho na upepo ukauchukua ukaupeleka nje ya chokaa. Watu wote walipiga kelele. Yeye alikuwa ameziba macho. Aliuliza jirani yake, "Imekuwaje?" Akaambiwa, "Mtoto wa nani sijui ameshinda." Akasema, "Wangu."

Ciku, sasa nifike kwa kilichofanya nichelewe.

Wakati wa chai nilimwona kapteni wenu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hataki mkate, hataki kuongea. Nikajisema, haya, kiburi ndicho hiki. Nikamwendea nimejiandaa. Nikamwambia, "Dada, mkate wetu si mbaya." Akaniangalia akasema, "Si mkate. Nafikiria nitamwambia nini mwalimu wa mtoto wangu." Nikakaa chini. Ndiyo akanieleza: kwenu kuna marupurupu ya kila mwezi, halafu kuna bonasi ya kila ushindi, na ushindi wa bwerere unalipwa sawasawa na ule mwingine. Hiyo bonasi ndiyo shule ya mtoto wake. Mngekaa hosteli mkanywa chai, mngelipwa. Mmepanda basi mkaja huku kwa vumbi, mkapoteza, na hamtalipwa.

Nilimwuliza kama ulijua. Akasema, "Ciku? Yeye ndiye alitutoa nyumbani."

Mbona hukuniambia? Nilikuandikia kwamba hampotezi chochote, ukanyamaza.

Nzembi

N.B. Musila, yule mwenye lori la kubeba ng'ombe, amemwambia Mwalimu kwamba mechi za ugenini zilizobaki atatupeleka yeye bila malipo. Amesema ataliosha. Kathini ameuliza kama ataliosha kweli.


Kitengela,
23 Machi 2025

Nzembi,

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungemwambia Mwalimu, Mwalimu angemwambia mkuu, na nyinyi mngekataa tusije. Mngefutwa mkiwa na heshima zenu, na mimi ningebaki na bonasi ambayo siwezi kumwambia mtu nilivyoipata.

Kuhusu Evalyne usiwe na wasiwasi. Kila mtu alitoa kidogo kwa marupurupu yake, na mtoto yuko darasani. Hata seta wetu alitoa, na safari hii hakuangalia nani anamwona.

Kocha kwanza alikuwa kama mvua inayokataa kunyesha. Basi lilirudi Kitengela naye akiwa hivyo hivyo. Kesho yake mazoezini akatuambia, "Jana ndiyo mara ya kwanza mwaka huu nimewaona mmechoka. Mmecheza vizuri." Akaondoka haraka, nadhani aliona aibu.

Halafu akaniita. Anakutaka, Nzembi. Anasema hajaona mikono kama yako kwa chuo chochote hapa karibu. Ameniambia nikushawishi. Mimi sitakushawishi, nitakuambia tu vile iko. Karo yote, kozi ya digrii ya umeme. Hosteli, chakula, marupurupu. Mama wa kukanda misuli. Ukija, nitapata mpira mahali ninapoupenda, kwa hivyo usiamini kwamba siko na faida hapo.

Na upande wa pili unaujua bila mimi. Mimi nilishaenda. Mko saba, ukitoka watabaki sita.

Sijui ningekuwa wewe ningefanya nini. Yaani najua, kwa sababu nilifanya.

Ciku


Kajiado,
27 Aprili 2025

Ciku,

Umeniuliza kupitia Kuntai mara mbili, hata yeye sasa anataka jibu.

Kwanza nilikataa. Nilimwambia Mwalimu asubuhi nikiwa nimesimama vizuri, kama mtu anayeapa. "Siendi. Siwezi kuwaacha." Alikuwa anakata bomba. Akamaliza kukata, akasema, "Umeuliza mama yako?"

Nikaenda Illasit wikendi. Mama alikuwa kwa vitunguu, si vyake, amepinda kama kawaida. Nilimweleza yote nikimfuata kwa mistari, kwa sababu huwezi kumsimamisha, wanalipwa kwa gunia. Akaniuliza, "Hao watu wanakulipa kuruka?"

"Ndiyo, Mwaitu, mama yangu."

"Na kusoma juu yake?"

"Na kusoma."

Ndipo aliponyooka, akashika kiuno. "Mimi nimelipwa kuinama tangu uzaliwe. Nenda ukaruke."

Nimerudi nimewaambia wasichana ukweli mbele yao wote. Kathini akalia kidogo, akajipangusa, akauliza, "Sasa nani atakuwa seta?" Nikamwambia, wewe. Akasema yeye ni mfupi. Nikamwambia mpira haujui.

Kocha wenu alikuja mwenyewe kuongea na Mwalimu Lemein, nadhani hakukuambia. Waliketi kwa karakana, mimi nikiwa hapo naandaa chai. Obura akasema chuo chake kinathamini kazi iliyofanywa hapa. Mwalimu akamjibu, "Unathamini vipi? Mwaka jana ulimchukua mpigaji wangu. Sasa unachukua seta. Wewe unakuja hapa chakula kikiwa kimeiva, Obura. Kuni umewahi kuuliza nani alileta?"

Obura akacheka, akaona Mwalimu hacheki, akaacha. Akauliza anataka pesa ngapi. Mwalimu akasema hataki pesa mkononi, kwa sababu zikipita ofisini zitakuwa paa. Alitaka neti mpya na mipira. Yule mama wa misuli awe anakuja huku mara moja kwa mwezi. Mechi ya Kajiado na Kitengela ichezwe Kajiado kila mwaka, siku ya soko. Na mimi nimalize ligi hapa, nichukue cheti changu, ndiyo niende. Walibishana sana kuhusu hiyo ya mwisho. Chai ilipoa nikaipasha tena. Mwishowe Obura akasema, "Lemein, wewe ungekuwa Kitengela tungekuwa mabingwa wa Afrika." Mwalimu akasema, "Hata kufundisha hapa Kajiado hakuna mtu ananilipa, na bado nimekaa."

Kwa hivyo nakuja, baada ya ligi. Nilidhani nitajisikia vibaya zaidi kuliko hivi. Jana tulienda mechi Mashuuru kwa lori la Musila, tumesimama nyuma tumeshika vyuma, tukiimba, na watu wa barabarani walipoona vichwa vya wasichana mahali wamezoea pembe walipigwa na butwaa. Aliliosha, lakini si sana. Tulishinda. Tulinuka na tukashinda.

Nzembi


Kitengela,
14 Septemba 2025

Kwa Mwalimu Lemein,

Sopa, nakusalimia kwa lugha yako, Mwalimu. Natumaini wewe na mama watoto hamjambo, na wasichana pia.

Nimeanza masomo vizuri. Kozi ni ngumu lakini nyaya ni zile zile, na wenzangu wengi hawajawahi kushika pliers, kwa hivyo wananiita fundi. Ninalala chumba kimoja na Ciku. Anaongea hata akiwa usingizini. Evalyne aliniletea mtoto wake anisalimie, akaniambia, "Huyu ndiye mwenye ile bonasi mliyotukosesha," na mimi nikambeba.

Wiki za kwanza nilikuwa najisikia vibaya nikikaa mezani. Nikiangalia sahani nilikuwa nafikiria mkate wako. Ciku akaniambia kula, hawatashiba huko kwa sababu wewe umekaa njaa. Nikaona ni kweli. Sasa nakula.

Mama amekodi kipande cha shamba Illasit kwa marupurupu yangu ya kwanza. Amepanda vitunguu vyake mwenyewe. Ananipigia Jumapili, ananieleza urefu wa majani kama mtu anayeongea juu ya mjukuu.

Mwalimu, niambie ukweli, hamjaharibika? Kathini anaweka mpira vipi? Mko wangapi?

Mwanafunzi wako,
Nzembi Wathome


Kajiado,
21 Septemba 2025

Nzembi binti yangu,

Ipa, salamu nimepokea. Barua nimeipata, nimeisoma kwa wote, na mama watoto ameomba kuisoma tena peke yake.

Unauliza kama tumeharibika. Tuko kumi na wanne. Baada ya ile mechi wasichana wa Kajiado wote wanataka kucheza, hata wawili wa upishi ambao wanaogopa mpira. Kathini ni seta. Kwa sababu ya urefu wake anauweka mpira chini sana, kwa hivyo nimewafundisha wapigaji kuruka mapema kabla yake, na timu zingine hazielewi kinachoendelea. Neti imefika, mipira pia, na yule mama wa misuli alikuja akanikanda mgongo mimi kwanza, kwa sababu wasichana walisema wataumia baadaye.

Sheria ya ligi haijabadilika. Kwa mkutano nilisimama nikaongea, wakaandika, wakaenda kula. Nitasimama tena mwaka ujao. Kwa sasa Musila anatubeba, na amenunua turubai la mvua.

Usifikirie mkate. Mkate ni wangu, na niliununua kwa sababu nilipenda. Soma, na cheza.

Ila jambo moja. Mechi yetu na nyinyi ni Machi, hapa, siku ya soko. Wazee wameanza kuniuliza tarehe. Na mimi nimewaonyesha wasichana hawa, mara kumi, mahali ambapo wewe huwa unachelewa kurudi ukishaweka mpira. Mipira yote itaanguka hapo.

Fanya mazoezi.

Mwalimu wako,
Lemein